Hedifoni za Roki kwa Apendaye Sauti Kubwa

Anayesikiliza roki kwa sauti ya chini hana tatizo kubwa, kwa sababu karibu kila hedifoni iliyotengenezwa kwa uaminifu itamridhisha. Tatizo ni letu sisi tunaotaka gitaa la umeme litujaze kichwa kizima na ngoma zisikike kwa uzito wake, kwa kuwa hedifoni hubadilika tabia kadiri unavyoipandisha sauti, na ile iliyokupendeza dukani kwa dakika mbili inaweza kukuchosha kabla albamu haijafika nusu. Ndugu na marafiki hapa Kampala huniuliza wanunue ipi, na jibu langu huwa moja: usiichague kwa jinsi inavyosikika ikiwa chini, wala kwa wingi wa besi. Chagua ile inayobaki tulivu ikiwa juu, na inayozuia kelele za nje vizuri kiasi kwamba hutalazimika kuipandisha sana.

Sababu ya kwanza imo ndani ya sikio lenyewe. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba kutolingana huko hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Sauti ikiwa ndogo, besi hupotea mapema ilhali sauti za kati zinaendelea kusikika. Sauti ikiongezwa, besi hurudi kwa kasi kuliko nyingine mpaka ikakaribia kulingana nazo. Ndiyo maana amplifaya nyingi za zamani ziliwekewa kitufe cha kuongeza besi wakati wa kusikiliza kwa sauti ya chini. Kwa hiyo hedifoni iliyotiwa besi nyingi ili ipendeze ikiwa chini itakuwa na besi ya kuziba masikio ukiipandisha. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni takriban hezi 41 (yaani mitikisiko 41 kwa sekunde), ya gitaa la kawaida ni takriban hezi 82, na ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu nayo ina nguvu zake nyingi humo humo. Vyombo vitatu vinagombania eneo hilo dogo, na besi ikizidishwa hapo vyote vinageuka mvumo mmoja usiojulikana umetoka wapi.

Upande wa juu una hatari kubwa zaidi, na ndio unaowashinda wengi. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, na urefu huo huufanya uzikuze zaidi sauti zilizo karibu na kilohezi 3, yaani hezi elfu tatu. Gitaa la roki lenye mkwaruzo, ambalo sauti yake imepotoshwa makusudi na amplifaya, humwaga sehemu kubwa ya nguvu zake kati ya kilohezi 1 na 5, mahali pale pale ambapo sikio ni jepesi zaidi. Juu yake yanakuja matoazi na herufi "s" za mwimbaji. Muziki wa dansi wa Kongo, hata ukiupandisha, huacha upenyo kati ya gitaa moja na jingine, na pengine ndiyo sababu wazee wetu waliweza kuucheza kwa sauti kubwa usiku kucha bila kulalamika. Roki yenye magitaa mawili ya mkwaruzo huujaza upenyo wote na haikupumzishi. Hedifoni iliyoinuliwa kidogo tu katika eneo hilo husifiwa dukani kwamba inaonyesha kila kitu. Baada ya nusu saa ya sauti kubwa inaendelea kuonyesha kila kitu, ila wewe umeshaivua na kuiweka mezani.

Kwa hiyo majaribio ya dukani yanahitaji utaratibu. Katika maduka ya simu ya katikati ya Kampala, kuelekea uwanja wa zamani wa teksi, muuzaji huwa na wimbo wake wa kuonyeshea, nao kwa kawaida ni wimbo wa besi ya kutikisa na sauti chache za kati, unaozifanya hedifoni zote ziwe nzuri. Nilipomwomba kijana mmoja anipe waya niuchomeke kwenye simu yangu mwenyewe, alisikiliza kidogo akacheka. "Lakini mzee, hizi si kelele tupu? Utajuaje kama ni nzuri?" Swali lake lilikuwa la haki, nami nilimweleza kwamba ndani ya kelele hizo kuna mambo machache ya kufuatilia. Sikiliza toazi likipigwa mara moja na kuachwa: je, linafifia taratibu kama shaba inavyofifia, au linachachatika kama mchele unaomwagwa kwenye sinia? Sikiliza mahali ambapo magitaa mawili yanapiga pamoja, moja kushoto na jingine kulia, uone kama unaweza kumfuata mpigaji mmoja bila kumpoteza. Sikiliza ngoma kubwa inapogongana na gitaa la besi. Kisha pandisha sauti hadi kiwango chako halisi, urudie sehemu ile ile, na uangalie ni kipi kilichobadilika mbali na ukubwa. Kitu kinachokuwa kikali, kinachovimba au kinachojificha baada ya kupandishwa ndicho kitakachokusumbua nyumbani.

Kwa kazi hii mimi hubeba muziki wa karibu. Albamu ya Duma ya mwaka 2020, ya Wakenya Martin Khanja na Sam Karugu, ilirekodiwa hapa hapa Kampala na kutolewa na lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes. Inavuka mipaka ya roki na kuingia kwenye kelele za makusudi, lakini huiumbua upesi hedifoni yenye ukali wa juu. Kwa upande wa chini natumia magitaa mazito ya mwendo wa polepole ya Vale of Amonition, kundi la metali, yaani roki nzito, la Kampala. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalipendi ni kulinganisha kwa haki: unapolinganisha hedifoni mbili, zilinganishe kwanza ukubwa wa sauti, kwa sababu tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili hutosha kuifanya iliyo juu ionekane bora, nawe utaondoka na ile yenye sauti kubwa ukidhani umeondoka na ile yenye sauti nzuri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni kelele za nje. Sehemu kubwa ya sauti tunayoiongeza haiendi kwenye muziki, inaenda kupambana na mazingira. Tuseme ndani ya teksi, yaani basi dogo la abiria, itokayo mtaa wa Ntinda kwenda mjini kuna kelele za desibeli 75, pamoja na injini, honi na kondakta anayeita abiria mlangoni. Ili usikie magitaa yako vizuri juu ya hayo utayapeleka kwenye 85 au zaidi. Ukivaa hedifoni inayopunguza kelele za nje kwa desibeli 20, kilichobaki ni 55, na muziki utakujaa vile vile ukiwa chini sana ya kiwango kile cha kwanza. Hisia ya ukubwa hutegemea sana umbali kati ya muziki na kelele iliyo nyuma yake. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wanaodhani wanahitaji hedifoni yenye nguvu zaidi wanahitaji tu hedifoni inayofunga vizuri.

Nyumbani hali si tofauti. Wengi wetu tumepanga mizigo, vile vyumba vya mstari mmoja chini ya paa moja la mabati, ambapo redio ya jirani ni redio yako pia. Umeme ukikatika, jenereta ya dukani inaanza kunguruma. Mvua ikinyesha, mabati yanafunika kila kitu, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti. Hapa ndipo teknolojia ya kufuta kelele kwa umeme inapotakiwa kueleweka vizuri, maana inauzwa kama dawa ya kila kelele. Ina nguvu kwa mvumo wa chini usiobadilika, kwa hiyo injini ya teksi na jenereta itazipunguza sana. Kwa sauti za juu na za ghafla, kama honi, mazungumzo na zile chembe kali za mvua kwenye mabati, kazi kubwa hufanywa na vikombe vyenyewe na mito yake, au na vile vipande vya sponji vya hedifoni ndogo za kuingiza sikioni, vinavyotanuka ndani ya mfereji wa sikio. Sponji nzuri iliyoingizwa sawasawa hupunguza kelele za nje kuliko hedifoni nyingi za bei kubwa, na kwa mtu anayesafiri kila siku kwa teksi ningeanzia hapo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Juu ya boda boda usivae chochote, iwe wewe ni dereva au abiria.

Hedifoni za wazi, ambazo vikombe vyake vina matundu nyuma, zinapendwa sana na wapenzi wa roki duniani, na zina sababu ya kupendwa: sauti inapumua, magitaa hayabanani, na besi haijirudii ndani ya kikombe. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, bado inatajwa kila mahali, na hedifoni za Grado, za Brooklyn nchini Marekani, zina wafuasi wao ambao hawasikii la mtu. Lakini hedifoni ya wazi haizuii kelele kwa kiasi cha maana, na jirani yako wa ukuta wa pili atausikia muziki wako wote bila besi, jambo ambalo ni adhabu. Isitoshe, Grado zinasukuma mbele sauti za kati za juu, na hilo ndilo linalozipa gitaa uhai zikiwa wastani na kuzifanya ziwe kali zikipandishwa. Ningezishauri kwa mtu mwenye nyumba yake, yenye ua, anayesikiliza usiku sana.

Saa za kusikiliza nazo zina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri usizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, kwa sababu nguvu inayoingia sikioni imezidishwa mara mbili. Kwa desibeli 90 zinabaki saa nne tu kwa wiki nzima, na kwa 100 ni kama dakika 20. Seli za sikio la ndani zenye vinyweleo, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara kwa ubongo, hazioti tena zikifa. Pete Townshend wa kundi la The Who, ambalo lilijulikana kwa kelele za jukwaani, amesema mwenyewe kwamba lililomharibia masikio ni hedifoni za studioni. Ukivua hedifoni na kusikia mlio mwembamba, au sauti za watu zikawa kama ziko nyuma ya pazia, umevuka kiwango siku hiyo, hata kama kesho yake utaamka vizuri. Simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuweka ukomo wa sauti, na baadhi huonyesha makadirio ya desibeli. Makadirio hayo huwa ya kuaminika zaidi kwa hedifoni ambazo simu inazitambua, na kwa waya wa kawaida yachukue kama dokezo tu.

Kuhusu nguvu za umeme, namba mbili zilizoandikwa kwenye boksi zinatosha: ukinzani, unaopimwa kwa omu, na wepesi wa kuitikia, unaopimwa kwa desibeli kwa kila miliwati. Kifaa kinachotoa volti moja, kama kilivyo kiunganishi kizuri cha simu zisizo na tundu la hedifoni, kitaipa hedifoni ya omu 32 takriban miliwati 31, lakini ya omu 300 itapata takriban miliwati 3 tu. Kama zote zina wepesi wa desibeli 100 kwa miliwati, ya kwanza inaweza kufika 115 na ya pili 105, na zote mbili ni zaidi ya sikio linavyopaswa kuvumilia. Namba hizo zinaonyesha kwamba amplifaya ya pembeni si lazima kwa watu wengi, hata wanaopenda sauti kubwa. Unaihitaji pale simu inapofika ukingoni na bado muziki ni mdogo, au pale vilele vya ngoma, yaani mapigo yake makubwa zaidi, vinapoanza kukatwa kwa sababu chanzo kimeishiwa volti. Ukitumia ikwalaiza (programu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti nyingine) kuongeza besi kwa desibeli 6, kumbuka kwamba umeomba nguvu mara nne katika eneo hilo. Punguza kwanza sauti ya jumla ndani ya programu kwa kiasi hicho hicho, ama sivyo mkwaruzo utakaousikia si wa gitaa.

Mara nyingine mkwaruzo umo ndani ya rekodi, na hedifoni inalaumiwa bure. Kundi la metali la Metallica lilipotoa albamu ya Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba toleo lililotumika kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero lilikuwa safi kuliko la sidii, kwa sababu la sidii lilikuwa limebanwa na kupandishwa hadi vilele vyake vikakatwa. Rekodi nyingi za roki za miaka ile zina ugonjwa huo kwa viwango tofauti. Hakuna hedifoni inayoutibu. Iliyo kali huuzidisha, na iliyo tulivu hukuruhusu kuuvumilia. Kwa hiyo unapojaribu dukani, beba angalau rekodi moja ya zamani iliyoachiwa nafasi, ya miaka ya 1970 au mwanzo wa 1980, ili ujue lipi ni la hedifoni na lipi ni la mhandisi wa studio.

Uvaaji wenyewe unaathiri sauti kuliko watu wanavyofikiri. Hedifoni iliyofungwa, isiyo na matundu nyuma ya vikombe, hutegemea mto ugusane na ngozi pande zote, na upenyo mdogo tu unaoachwa na mkono wa miwani, misuko minene au kofia hutosha kuitorosha besi ya chini. Mtu hajui kilichotokea, anaongeza sauti ili airudishe, na kinachoongezeka ni ule ukali wa juu. Jaribu ukiwa umevaa kama unavyovaa siku zote, bonyeza vikombe taratibu kwa viganja, na kama besi inaongezeka ghafla ujue haikai vizuri kichwani mwako. Ngozi ya bandia hushika vizuri lakini kwa joto na jasho letu huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoshikamana na masikio. Mito ya kitambaa laini hupumua zaidi ila huzuia kelele kidogo.

Kwa majina, maoni yangu ni haya. Sennheiser HD 25, iliyotoka mwaka 1988 na kuzoeleka kwa ma-DJ, ndiyo ninayoipendekeza zaidi kwa roki ya sauti kubwa: ina omu 70, inakaa juu ya sikio, inabana kwa nguvu, inaweza kupandishwa sana bila kuvurugika, na kila kipande chake kinauzwa peke yake. Kubana huko kutawaumiza wenye miwani baada ya saa moja, na kwao ningeiangalia HD 280 Pro ya kampuni hiyo hiyo, inayozunguka sikio zima na ambayo mtengenezaji wake anataja upunguzaji wa kelele wa hadi desibeli 32. Haina mbwembwe, na besi yake ni ya kiasi. Audio-Technica ATH-M50x ina nguvu na uchangamfu, lakini besi yake imeongezwa, kwa hiyo ipunguze kidogo kwa ikwalaiza. Sony MDR-7506 ya mwaka 1991 ni chombo kizuri cha kazi ya studio ambacho kwa matoazi ya roki, kikipandishwa, naona kinakwaruza. Beyerdynamic DT 770 Pro inastarehesha kichwa kuliko zote hizi, nayo ina mwinuko wa sauti karibu na kilohezi 8 hadi 9 ambao utaupenda au utauchukia ndani ya wimbo mmoja. Toleo la omu 80 linatosha kwa simu nyingi. La omu 250 liache kwa mwenye amplifaya.

Nyingi kati ya hizi zina nakala bandia, na mjini utazikuta kwenye boksi linalopendeza kuliko boksi la asili. Bei ikiwa shilingi elfu hamsini kwa kitu kinachouzwa Ulaya kwa zaidi ya yuro mia moja, huna haja ya kuikagua. Ikiwa bei inakaribia ukweli, angalia uzito, mshono wa mito, maandishi ya omu kwenye boksi kama yanalingana na ya mtengenezaji, na kama vikombe viwili vinatoa sauti sawa ukicheza muziki wa mono, yaani ulio sawa kushoto na kulia. Hedifoni halisi iliyotumika, yenye mito iliyochakaa, ni afadhali kuliko bandia mpya, maana mito hununuliwa, na fundi wa simu anaweza kukubadilishia plagi ya waya ukimsubiri hapo hapo. Kabla ya kulipa, uliza kama mito ya kubadilisha inapatikana nchini au itabidi iagizwe, na uiongeze bei hiyo kwenye hesabu yako, kwa sababu kwa matumizi ya kila siku utaihitaji.